Bwana wa Nzi au Upofu: tuanze na riwaya ipi ya kunusurika?

Kikundi chetu cha wasomaji hukutana kila Jumamosi alasiri hapa Mbale, mashariki mwa Uganda, barazani kwa mwenzetu mmoja mtaa wa Nkoma. Tuko kumi na mmoja. Yupo mama anayeuza vitenge sokoni, yupo mzee fundi saa, yupo dereva wa lori ambaye huja tu pale mizigo ya Malaba inapomruhusu, wapo vijana watatu waliomaliza S.4, yaani kidato cha nne, mwaka jana, na wengi wa waliobaki ni walimu. Vitabu tunavisoma kwa Kiingereza kwa kuwa ndivyo tunavyovipata. Mjadala ni wa Kiswahili, maana barazani pana Wagisu, Waiteso, Wanubi na mama mmoja aliyetoka Bunia, kule Kongo, na hakuna lugha nyingine inayotukalisha sote mkeka mmoja.

Safari hii tumekubaliana tusome riwaya ya kunusurika, zile hadithi ambazo watu hukatiwa njia ya kurudi kwao, sheria zikaisha nguvu, na msomaji akabaki kutazama nani atashika nini. Zimebaki mbili. Moja ni ya Mwingereza William Golding, Lord of the Flies, ya mwaka 1954, ambayo barazani tunaiita Bwana wa Nzi. Nyingine ni ya Mreno José Saramago, iliyotoka mwaka 1995 na kwa Kiingereza inajulikana kama Blindness. Sisi tunaiita Upofu. Golding alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1983, Saramago mwaka 1998, kwa hiyo tuzo haitusaidii kuchagua. Nimeombwa niziweke bega kwa bega kabla hatujachanga pesa za nakala. Nimezisoma zote mbili zaidi ya mara moja, na nina upande wangu. Nitausema, lakini nataka kwanza kila mmoja aone nilivyoufikia.

Kwa ambaye hajazigusa: katika Bwana wa Nzi, vita vinaendelea duniani, na ndege iliyobeba wavulana wa shule wa Kiingereza inaanguka kwenye kisiwa cha joto kisicho na watu. Hakuna mtu mzima aliyepona. Wanamchagua Ralph awe kiongozi, wanapanga zamu za kulinda moto ili meli ikipita iuone moshi. Jack, mkuu wa wanakwaya, anataka kuwinda nguruwe. Siku zinavyokwenda nyama inaushinda moshi, watoto wawili wanauawa na wenzao, na mwisho Ralph mwenyewe anawindwa kama mnyama.

Katika Upofu, mtu mmoja anapofuka ghafla akiwa ndani ya gari lake, amesimama kwenye taa za barabarani. Haoni giza, anaona weupe mtupu, kama amezama katika bahari ya maziwa. Upofu huo unaambukiza. Serikali inawakusanya waliopofuka mwanzo na kuwafungia katika hospitali ya wagonjwa wa akili iliyokuwa imeachwa, na wanajeshi wanawekwa getini. Mke wa daktari wa macho hapofuki. Anadanganya kwamba naye haoni ili achukuliwe pamoja na mumewe, na kuanzia hapo yeye ndiye macho yetu.

Vitu vinavyobeba maana

Ukitaka kumfundisha kijana taashira ni nini, sijui kitabu kinachomshika mkono vizuri kuliko Bwana wa Nzi. Golding alikuwa mwalimu wa shule kule Salisbury na inaonekana. Kila anachokiweka mikononi mwa watoto wale kina kazi mbili, moja ya kisiwani na moja ya akilini mwa msomaji. Ralph na Piggy wanaokota ganda kubwa la konokono wa baharini, Ralph analipuliza kama baragumu, na watoto wanatoka msituni mmoja mmoja. Tangu hapo aliyelishika ganda ndiye mwenye ruhusa ya kusema. Msomaji wa pwani atakumbuka siwa za Pate na Lamu, zile pembe kubwa za kupulizwa. Kwetu Uganda akili inakimbilia Mujaguzo, ngoma za ufalme wa Buganda. Ganda lenyewe halina nguvu yoyote. Nguvu yake ni makubaliano ya watu kunyamaza likiwa mkononi mwa mwenzao, na Golding anatuonyesha makubaliano hayo yakichakaa hatua kwa hatua. Jack anasema ganda halihesabiki upande ule wa kisiwa. Rangi yake inafifia kwa jua. Kisha linasagwa vipande vipande na jiwe lile lile linalomuua Piggy.

Hapo nilifunga kitabu nikafikiri juu ya mwaka 1966, jeshi lilipoivamia ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, kule Mengo, na mwaka uliofuata katiba mpya ikazifuta falme. Kwa hesabu ya Golding, ganda lilikuwa limekwisha kuvunjika na hadithi imeishia hapo. Lakini mwaka 1993 falme zilirudishwa, na tarehe 31 Julai mwaka huo Kabaka Ronald Muwenda Mutebi akatawazwa huko Naggalabi. Kwa miaka ishirini na sita kuna watu waliokuwa wakikumbuka nani anapiga ngoma gani na kwa utaratibu upi. Kisiwa cha Golding hakina wazee wa kukumbuka, hivyo kilichovunjika kimevunjika. Sisemi kwamba amekosea. Nasema tunaposoma tujue kwamba amechagua wahusika wasio na kumbukumbu ndefu, na chaguo hilo lina matokeo yake.

Miwani ya Piggy nayo ina kazi kubwa: ndiyo inayowasha moto, na siku inapoibwa, elimu imeporwa na wenye mabavu. (Vijana wetu wa fizikia watagundua jambo: Piggy haoni mbali, na lenzi za mtu asiyeona mbali hutawanya mwanga, haziukusanyi, kwa hiyo moto ule usingewaka. Tujadili hilo, halafu tuendelee, kwa sababu taashira inasimama hata fizikia ikianguka.) Na kuna kichwa cha nguruwe kilichochomekwa kwenye kijiti, kimejaa nzi, ambacho kimeipa riwaya jina. Wasomaji wa Biblia watalitambua jina hilo moja kwa moja. Ni Baal-zebubu, mungu wa Ekroni, yule wa mlango wa kwanza wa Wafalme wa Pili.

Ila sehemu inayonitetemesha kila mara ni ya Simon. Watoto wameshikwa na hofu ya dubwana lililoko mlimani. Simon anapanda peke yake na kukuta ni maiti ya askari wa angani, imenasa kwenye kamba za mwavuli wake, upepo ukiivuta unaiinamisha na kuiinua. Anaifungua kamba, anashuka usiku kwenda kuwaambia wenzake kwamba hakuna dubwana. Anawakuta wakicheza ngoma ya uwindaji katika mvua, na wanamuua wakidhani yeye ndiye dubwana. Aliyeleta habari ya kuwatoa hofu ameuawa na hofu yenyewe. Hata tusipokichagua kitabu hiki, naomba sura hiyo tuisome kwa sauti siku moja.

Saramago hafanyi kazi kwa namna hiyo. Huwezi kuchukua daftari ukaandika "hiki maana yake kile" ukamaliza. Taashira yake kubwa ni weupe wenyewe, na unaingia kila mahali kama ukungu wa mlima Wanale asubuhi. Watu wake hawana majina. Kuna daktari, mke wa daktari, msichana mwenye miwani myeusi, mzee mwenye kitambaa jichoni, mvulana mwenye makengeza, hata mbwa anayewafuata ni mbwa wa machozi tu. Mwanzoni inasumbua. Baadaye unahisi kwamba jina ni la kuitwa na mtu anayekuona, na pale hakuna anayeonwa.

Vitu vichache anavyovitumia vinauma. Mkasi wa kawaida, uliokuja na mizigo ya mke wa daktari, ndio anaokuja kumuulia kiongozi wa genge lililoteka chakula. Kanisani anakuta sanamu za watakatifu zimefungwa vitambaa vyeupe machoni, na watakatifu wa kwenye picha wamepakwa rangi nyeupe pale macho yalipo. Na kuna yule mhasibu wa genge, kipofu wa kuzaliwa, aliyekamatwa pamoja na wagonjwa. Yeye peke yake anajua kuishi bila kuona, anajua kuandika kwa nukta za vipofu, na ujuzi huo anautumia kuorodhesha pete na saa walizowapora wenzao. Ujuzi ambao ungewaokoa wote umekuwa daftari la wizi.

Hapa kuna lawama ya haki ambayo lazima niiseme. Saramago ametumia ulemavu wa macho kama alama ya upotovu wa moyo. Filamu iliyotokana na riwaya hii ilipotoka mwaka 2008, chama cha vipofu cha Marekani, National Federation of the Blind, kiliandamana kuipinga. Mmoja wetu ana kaka asiyeona, fundi hodari wa kufuma viti, na sitaki mtu huyo asikie kitabu kikisomwa barazani bila sisi kulisema jambo hilo wazi.

Rangi usoni na mlio wa ngoma

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nadhani msomaji wa Mbale analiona kabla ya msomaji mwingine yeyote.

Golding aliandika akijibu riwaya ya karne ya kumi na tisa, The Coral Island ya R. M. Ballantyne, ya mwaka 1857, ambamo wavulana watatu wa Kiingereza wanakwama kisiwani na kubaki wema na wacheshi, na ukatili wanaufanya wenyeji wa bahari ile na maharamia. Golding aliyachukua hata majina ya Ralph na Jack. Akasema hapana, ukatili mnao ninyi. Mwaka 1954, wakati Uganda bado iko chini ya Uingereza, na Kabaka Mutesa wa Pili amepelekwa uhamishoni London na gavana, Mwingereza kuwaandikia Waingereza wenzake hivyo ulikuwa ushujaa, na nampa heshima yake.

Lakini tazama anavyotuonyesha kwamba utaratibu umepotea. Jack anajipaka udongo mwekundu na mweupe na masizi usoni. Anajitazama majini, anacheka, anaanza kucheza. Nyuma ya rangi ile, anasema msimulizi, amewekwa huru kutoka kwenye aibu. Kisha mduara, wimbo, mkuki, damu. Golding amebadilisha nani anapakwa rangi. Maana ya rangi ameiacha kama alivyoikuta kwa Ballantyne.

Nenda Mutoto, hapa karibu na Mbale, mwezi wa Agosti katika mwaka unaogawanyika kwa mbili, wakati wa Imbalu, tohara ya Wagisu. Utaona vijana wamepakwa unga na chachu ya ulezi, wana manyanga mapajani, wanakimbia kwa wiki nzima kijiji hadi kijiji na ngoma za kadodi nyuma yao. Asubuhi ya mwisho wanapakwa matope ya kinamasi cha ukoo. Mgeni akipita na gari anaweza kufunga kioo. Kumbe hakuna wakati ambapo kijana wa Kigisu yuko ndani ya sheria zaidi ya pale. Kila nyumba anayosimama ameelekezwa kwa mpangilio wa undugu, wajomba wanamwambia ukweli wa tabia yake mbele ya watu, na kisu kinapomfikia anatakiwa asipepese. Rangi ile inamfunga kwa aibu, maana akitikisika, ukoo mzima umeaibika. Imbalu ina matatizo yake, na vurugu za barabarani nimeziona kwa macho yangu. Sitetei kila kitu. Lakini taashira ya Golding, kwamba aliyepakwa rangi na kucheza ngoma ametoka katika jamii, kwetu inasomeka kinyume kabisa. Kijana anapakwa ili aingie.

Mwalimu mwenzangu aliniuliza kama hilo si sababu ya kukiacha kitabu. Naona ni sababu ya kukisoma hapa hapa. Mwanafunzi anayeambiwa "rangi ni ushenzi, andika" atafaulu mtihani. Mwanafunzi wa Bududa anayeinua mkono na kusema "mwalimu, kwetu sivyo" ndiye aliyeelewa taashira hufanyaje kazi, kwamba inategemea nani anatazama.

Mlango ulifungwa na nani

Hili ndilo linalonifanya nipendelee upande mmoja, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Golding anasema uharibifu umo ndani ya mtu na ukiondoa wakubwa unatoka. Alikuwa baharia wa jeshi la Uingereza, alikuwepo majeshi yalipotua pwani ya Normandy mwezi Juni 1944, na alirudi darasani akiwa ameona watu wastaarabu wanavyoweza kufanyiana. Hakuwadanganya wasomaji kuhusu wakubwa pia, maana ofisa anayewaokoa watoto mwishoni ni mwanajeshi, na meli yake ya vita inamngoja kwa mbali baharini. Ni hoja nzito. Ila ni hoja iliyojengwa kwa watoto wa kubuni. Watoto wa kweli wapo. Mwaka 1965 wavulana sita wa Tonga walitoroka shule ya bweni kwa mashua, dhoruba ikawatupa kwenye kisiwa cha 'Ata kisichokuwa na watu, na wakaishi huko miezi kumi na mitano mpaka nahodha Mwaustralia, Peter Warner, alipowaona Septemba 1966. Waliugawa ulinzi wa zamu, moto wao haukuzimika, waligombana wakatenganishwa mpaka hasira zipoe, na mmoja alipovunjika mguu walimfunga vijiti ukaunga. Kisa kimoja hakifuti riwaya. Lakini kikisomwa siku moja nayo, kinamlazimisha kijana aulize kwa nini Golding aliona hivi na Tonga ikawa vile.

Na kwetu? Mama wa Bunia alisikiliza muhtasari wangu wa Bwana wa Nzi mpaka mwisho, kisha akasema kwao Ituri watoto wenye bunduki hawakukosa wakubwa, wakubwa ndio waliowapa. Kaskazini mwa Uganda ni habari ile ile. Oktoba 1996 waasi wa LRA, jeshi la Joseph Kony, waliwateka wasichana 139 katika shule ya Mtakatifu Maria, Aboke. Sista Rachele Fassera alitembea nyuma yao porini na kurudi na 109, thelathini wakabaki. Watoto waliopewa silaha katika vita vile hawakuteremka kwenye ushenzi kwa kukosa malezi. Waliteremshwa, kwa amri na kwa kipigo, na watu wenye ndevu. Sijui namna ya kumsomesha kitabu cha Golding mtu aliyepita huko bila kwanza kumwambia hilo.

Hata kisiwa chenyewe. Kwa Golding kisiwa ni mahali ambapo jamii haipo. Kwenye ziwa Bunyonyi, Kigezi, kuna kisiwa kidogo kiitwacho Akampene. Wasichana waliopata mimba kabla ya ndoa walikuwa wakipelekwa huko kwa mtumbwi na kuachwa, wafe njaa au wazame wakijaribu kuogelea, isipokuwa akitokea mwanamume asiye na mahari akamchukua mmoja wao. Aliyemwacha pale hakuwa mhalifu. Alikuwa ndugu yake, akifuata sheria. Msichana yule aliachwa na utaratibu wenyewe, ukiwa na afya njema na ukijiona uko sawa.

Upofu inaanzia hasa hapo. Kabla ya wafungwa wa Saramago kuanza kuporana, serikali imekwisha kuwafungia, imewasomea kwa kipaza sauti orodha ya amri, ikiwemo kwamba moto ukitokea wazima moto hawatakuja, na wanajeshi wamekwisha kuua watu waliosogea karibu na chakula. Genge linapochomoza na bastola, linakuta mahali palipotayarishwa. Mwandishi hasemi binadamu ni malaika. Kuna kurasa nilizisoma nimeziba mdomo kwa kiganja. Anasema tu tuhesabu na wale walio nje ya geti.

Hilo tunalijua. Shule zetu zilifungwa Machi 2020, na hazikufunguliwa kwa wote mpaka tarehe 10 Januari 2022. Tulijua amri ya kutotoka nje, tulijua foleni ya posho na maharagwe, tulijua jirani kumkwepa jirani kwa sababu amekohoa. Watu wa Mubende na Kassanda walifungiwa tena Oktoba 2022 kwa sababu ya Ebola. Amri nyingine zilikuwa za lazima, sipingi. Ugonjwa ule haubembelezwi. Lakini msomaji wa Uganda hahitaji kuelezewa mtu aliye karantini anavyojisikia anaposikia gari la chakula.

Na mke wa daktari, aliyeingia kwa hiari mahali alipoweza kukwepa, hatuhitaji kumtafuta mbali. Ebola ilipoingia Gulu mwaka 2000, watu 425 waliugua na 224 wakafa. Daktari Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor alikuwa Kampala masomoni. Akarudi, akawatibu, akawashika mkono wauguzi waliotaka kukimbia, na tarehe 5 Desemba akafa kwa ugonjwa ule ule. Saramago aliandika miaka mitano kabla, na hakumjua. Nikisoma jinsi mwanamke yule anavyowaosha watu wasiomjua, namwona Lukwiya.

Mengine ya kuzingatia, kwa ufupi

Lugha ya Bwana wa Nzi inafikika. Kijana wa S.3 ataimaliza akiwa na kamusi karibu. Upofu ni ngumu. Saramago hatumii alama za kunukuu. Mazungumzo ya watu wanne yanakimbia ndani ya sentensi moja ya nusu ukurasa, yametenganishwa kwa mkato na herufi kubwa tu. Dawa niliyoipata ni kuisoma kwa sauti. Ukiisikia, unajua nani anasema.

Katika Upofu mna ubakaji wa wanawake wengi, umeelezwa kwa kirefu, kwa sababu genge linadai wanawake badala ya chakula. Wenye jeraha la namna hiyo waambiwe kabla, na asiyetaka kusoma sura zile asiulizwe sababu. Simpi mtoto wa chini ya miaka kumi na saba. Bwana wa Nzi ina mauaji lakini haina hilo. Haina pia msichana hata mmoja, na wanawake wa kikundi chetu wana haki ya kuuliza riwaya inayodai kusema habari za binadamu wote imewaacha wapi.

Nakala za Golding nimeziona mara nyingi kwa wauza vitabu vya mitumba. Ya Saramago nimeiazima, na tutalazimika kuagiza tatu au nne tuzungushe.

Ninavyoshauri

Wenye klabu ya shule, au wanaomsomesha kijana taashira kwa mara ya kwanza, wachukue Bwana wa Nzi. Wamsomee kisa cha Tonga wiki hiyo hiyo, na wamwache Mgisu aipinge ile rangi ya Jack. Kwa baraza letu, la watu wazima waliokwisha kuona mambo, nachagua Upofu. Vijana wetu watatu wamepita miaka kumi na saba na nimezungumza nao juu ya sura zile nzito.

Nilipolisema hilo Jumamosi iliyopita, mzee fundi saa alikuwa bado na neno. Aprili 1979, Amin alipoanguka, yeye alikuwa mvulana Kampala. Anasema tarehe 11 na siku zilizofuata watu walibeba kila kitu madukani, viti, mabati, mashine ambazo hawakujua za nini. Mtaani kwao maji yalikuwa yanatoka kwenye bomba moja. Bibi mmoja alipanga mawe mstari mbele ya bomba, kila jiwe ni la mwenye ndoo fulani, akaketi. Walipita pale watu wenye mali ya wizi kichwani, na hakuna aliyesogeza jiwe la mwenzake. Mzee akaniuliza, "Mwalimu, kati ya vitabu vyako hivyo viwili, jiwe hilo liko katika kipi?"

Nikamfungulia Upofu karibu na mwisho. Mke wa daktari amewaleta wenzake nyumbani kwake, mji mzima umeoza, hakuna anachoweza kuwapa. Anakumbuka kuna chupa kubwa ya maji safi. Anawasha taa ya mafuta, anatoa bilauri nzuri za wageni, anawamiminia watu wasioziona, mmoja baada ya mwingine, na wanakunywa polepole. Mzee alinirudisha nyuma mara mbili nimsomee tena. Kisha akatoa elfu ishirini mfukoni, akaiweka mkekani, ya nakala ya kwanza.